Kwa anayeanza kumfanyisha mazoezi nyumbani mzee mwenye dimenshia

Mwanzoni nilikuwa naingia nyumba za watu na karatasi mkononi: simamia vidole vya miguu mara kumi, tembea kwa ubavu hatua kumi, inuka kitini bila kushika. Mazoezi yenyewe ni mazuri, mengi yametoka kwenye programu ya Otago ya New Zealand, ya mazoezi ya nyumbani ya kuwakinga wazee wasianguke, na hadi leo nayatumia. Kilichokwamisha ni maneno yangu. Mzee mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, la tatu linafika la kwanza limeshapotea.

Bibi mmoja kule Tanga alinikatalia wiki nzima. "Mjukuu wangu, nimechoka." Siku moja nikakuta kanga zimefuliwa. Nikaweka beseni juu ya stuli, nikafunga kamba usawa wa mabega yake, nikasimama karibu naye upande wa mguu dhaifu. "Bibi, nisaidie kuanika." Akachukua, akanyoosha mikono, akasogea kwa ubavu taratibu mpaka mwisho wa kamba. Kanga nane! Kesho yake hakunikumbuka mimi wala kamba, lakini alipoliona beseni aliinuka mwenyewe.

Kwa hiyo waulize wanawe: mama alikuwa akishinda anafanya nini? Anzia hapo.

Zoezi nisiloliacha ni kuinuka kitini, maana ndilo linalomfikisha chooni. Tumia kiti kizito chenye mikono, kiegemee ukuta. Cha plastiki kinateleza. Nyayo zivutwe nyuma kidogo, kifua kiinamie mbele, halafu inuka naye aige. Kandambili avue, mkeka ukunjwe.

Akitembea, nyamaza. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa wazee ambao wakisemeshwa wakiwa wanatembea husita kutembea kwanza ndipo wajibu, ndio walioanguka zaidi baadaye. Habari za nyumbani muulize akishakaa.

Saa ile ile, kiti kile kile, siku tatu kwa wiki au zaidi, na usikate tamaa mapema. Kule Finland wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaoleta dimenshia, waliofanyishwa mazoezi nyumbani mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, walianguka mara chache kuliko wenzao wasiofanyishwa.

Na jambo hili nakuomba ulishike: jana alitembea vizuri, leo anayumba, usiseme dimenshia imezidi. Uliza kama kuna dawa mpya, pima presha akiwa amelala na akisimama, angalia homa, uliza kuhusu mkojo, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.