Uchafu wenye harufu ukiwa mjamzito: si kila kitu fangasi

Pole mdogo wangu. Mimba ya miezi mitano, uchafu unanuka, dawa ya fangasi ya dukani umeshaweka mara mbili bila nafuu, na mumeo ameanza kukuuliza ugonjwa umeutoa wapi. Haya yalinikuta kwenye mimba ya mtoto wangu wa pili, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Fangasi kwa kawaida inawasha vibaya, uchafu wake mzito kama maziwa mgando, na harufu kali haina. Uchafu mwepesi wa kijivujivu, wenye shombo ya samaki hasa baada ya tendo, mara nyingi ni bakteria. Ukeni kuna bakteria walinzi wanaotengeneza asidi; wakipungua, wale wengine wanazaliana. Hapo dawa ya fangasi utaiweka hadi ujifungue. Muuza duka wangu hakuuliza hata kama nawashwa, alinyoosha mkono tu kwenye rafu! Kliniki walinipima, wakachukua uchafu kidogo kwa pamba wakauangalia kwenye darubini, nikaandikiwa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, asubuhi na jioni kwa siku 7. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma na kichefuchefu kikarudi, ila harufu ilikata.

Mumeo mwambie hivi: hali hii si ushahidi kwamba mtu amechepuka. Inawapata hata waliotulia, na kujiosha kwa ndani kunaichochea. Shabu, limau, sabuni, vyote acha, hata kama shangazi ndiye aliyekufundisha.

Lakini usikisie, kwa sababu kisonono, klamidia na trikomona, yaani magonjwa ya zinaa, nazo zinatoa uchafu, na hizo mnatibiwa wote wawili, la sivyo mtarudishiana. Klamidia na kisonono mtoto anaweza kuzipata wakati wa kuzaliwa, macho yakajaa usaha. Angalia pia kadi yako kama majibu ya kaswende yameandikwa. Kaswende inaweza isikuonyeshe dalili yoyote huku inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto, na mimba inaweza kuharibika. Tiba yake kwa mjamzito ni sindano ya penisilini. Inauma, sikufichi.

Mtu akikupa doksi (doksisaiklini, dawa nyingine ya bakteria), kataa. Kwa umri wa mimba yako inaweza kuharibu meno ya mtoto, na mifupa yake pia. Yeyote anayekushauri umeze tu bila kupima hajui anachosema.

Usichelewe, maana maambukizi haya yanahusishwa na chupa kupasuka mapema na kuzaa njiti. Ukiona maji yanavuja, damu, homa au tumbo linabana, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Siku ya kwenda kupimwa usiweke dawa yoyote ukeni wala usijisafishe ndani. Oga kawaida tu, wapate cha kupima.