Fundi Anajibu: Maji ya Kisima, Rejeta na Kutu ya Pwani

Shikamoo, Bwana Fundi. Kila asubuhi ninavuka feri kwenda kazini kisiwani. Gari likiwa kwenye foleni, mshale wa joto hupanda hadi karibu na alama nyekundu, lakini nikishavuka na kushika barabara hurudi mahali pake. Kila wiki ninaongeza maji ya kisima kwenye rejeta. Fundi mmoja ameniambia tutoe themostati na tatizo litakwisha. Je, nimsikilize?
Msomaji, Likoni

Marahaba, mwanangu. Themostati iache mahali pake. Kidude hicho huziba njia ya maji injini ikiwa baridi na kuifungua ikishapata joto, katika magari mengi kwenye nyuzi 80 na kidogo hivi. Ukikitoa, injini itachelewa kufikia joto lake, itakunywa petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe utabaki pale pale. Ikiwa imekwama, inunuliwe nyingine, kwani bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Maelezo yako yenyewe yananionyesha pa kuanzia. Gari linapokwenda, upepo wa barabarani huipoza rejeta. Linaposimama kwenye foleni, hakuna upepo mwingine ila wa feni. Kwa hiyo gari linalochemka likiwa limesimama na kupoa likitembea, la kutazamwa kwanza ni feni, ilhali lile linalochemka likipanda kuelekea Mazeras na mzigo, aghalabu rejeta yake imeziba, pampu ya maji imechoka au maji yamepungua. Washa injini ukiwa nyumbani, fungua boneti, kisha washa AC: katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni huanza kuzunguka muda mfupi baadaye. Weka mikono na nguo mbali nayo. Isipozunguka, zima gari, tazama fyuzi yake, kisha ubadilishane rilei yake, ile swichi ndogo ya umeme, na ya honi, almuradi zina namba moja. Feni ikizunguka kwa rilei ya honi, gharama yako ni rilei tu. Isipozunguka hata hivyo, huenda mota au nyaya zina kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni yale maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chumvi na chokaa. Yakichemka ndani ya injini siku baada ya siku, chokaa hujishika kwenye vijia vyembamba vya rejeta na chumvi hula chuma na alumini. Nimewahi kufungua rejeta iliyonyweshwa maji hayo kwa muda mrefu, na vijia vyake vilikuwa vimejaa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai. Nusu yavyo havikupitisha hata tone. Ukitaka kuyajua maji yako, mimina kijiko kimoja juu ya mfuniko mweusi wa sufuria na uuache juani hadi ukauke. Alama nyeupe itakayobaki ndiyo inayobaki ndani ya rejeta, nawe umekuwa ukiiongeza kila wiki.

Kinachofaa ni kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu, na kwamba sisi wa Pwani hatuihitaji. Hilo si kweli, kwa sababu mbali na kuzuia maji yasigande, kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka. Ikiwa si ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hizo hizo. Aina ya kulanti itafute katika kitabu cha gari, kwani rangi peke yake haitoshi kukuongoza.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua bomba la chini ya rejeta na uyakinge maji ya zamani kwenye beseni. Jaza maji safi, endesha injini hadi ipate joto, zima, subiri ipoe, kisha umwage tena, na urudie hadi yatoke safi. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yaliyomo yamebanwa na mgandamizo na yatakurukia usoni. Beseni nalo usiliache uani: kulanti nyingi zina sumu yenye utamu, na paka akiilamba hata kidogo anaweza kufa.

Mwisho, gari linalotaka maji kila wiki linayapoteza mahali fulani. Kagua mipira ya maji na chini ya pampu. Usipoona panapovuja, tazama kifuniko cha oili kwa ndani: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi ikitoa moshi mweupe usiokoma, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na gari lisitembezwe tena hadi litengenezwe.

Bwana Fundi, kwenye vichwa vya betri yangu hutokea unga wa kijani na mweupe, na asubuhi nyingine gari hukataa kuwaka. Je, ninunue betri mpya?
Bi. wa Tudor

Bado, dada yangu. Unga huo hutokana na mvuke wa asidi ya betri unaokula madini ya vichwa, nao huzuia umeme kupita. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Koroga kijiko cha magadi katika gilasi ya maji ya moto, mimina kidogo kidogo juu ya unga, nao utatoa povu na kulegea. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, halafu paka grisi juu. Gari likilala usiku kucha, betri nzima ikipimwa kwa mita ya umeme husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka mita hupanda hadi baina ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, altaneta, mtambo wa kuchaji betri, ndiyo haichaji, na betri mpya nayo itakufia vile vile.

Ninaishi Bamburi karibu na ufuo, na gari ninaliosha kila siku lakini kutu haiachi kutokea chini ya milango. Nifanye nini?
Baba wa watoto watatu

Inategemea unaliosha kwa maji gani. Ikiwa ni ya kisima, unaliongezea chumvi juu ya ile iliyoletwa na upepo wa bahari. Hata ukianza na ya kisima, maliza kwa ndoo ya maji matamu ya mfereji au ya mvua, na umimine pia chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, mahali ambapo wengi hupasahau. Kisha inama utazame ukingo wa chini wa mlango: pana vitundu vya kutolea maji, ambavyo mchanga huviziba na kuyafanya maji yalale ndani. Vizibue kwa kijiti. Kutu iliyokwisha kutokea ikwangue kwa msasa hadi chuma king'ae, ndipo upake praima na rangi. Ukipaka rangi nzito ya lami juu ya kutu, chumvi itaendelea kula ukiwa huioni.

Breki zangu hukwaruza kila asubuhi, halafu hunyamaza. Je, ni hatari?
Msomaji, Mtwapa

Hewa ya usiku yenye unyevu huzitia diski kutu nyepesi, na mikanyago michache ya kwanza huifuta. Mlio ukiendelea mchana kutwa, padi zikaguliwe, na zikipungua chini ya milimita 3 zibadilishwe. Ukizikagua nyumbani, gari likalie stendi imara, wala usiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki pekee.