Mabeki watapumzikaje?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama ulinzi imara unaweza kuipa timu ushindi wakati washambuliaji wake hawafungi. Unaweza, tena sana. Msimu wa 2023/24 Coastal Union yetu ya Tanga ilimaliza ligi nafasi ya nne, na si kwa mvua ya mabao. Ilibebwa na mabeki na kipa Ley Matampi, aliyewapita hata makipa wa Simba na Yanga kwa mechi alizotoka bila kufungwa. Bado uwanjani kwetu Mkwakwani watu walinung'unika. Beki hatajwi mpaka akosee!

Linaniuma kwa sababu nilicheza mkoba, yaani beki wa kati, timu ya mtaani Ngamiani. Kulikuwa na fainali ya mbuzi dhidi ya vijana wa Makorora. Straika wetu tegemeo yuko Pangani, harusini. Aliyepangwa badala yake alikuwa na mbio, ila mpira hautulii mguuni. Tunabutua, unarudi. Tunabutua tena, unarudi na watu watatu nyuma yake. Kipa alishaokoa mchomo mmoja kwa uso. Kipindi cha pili nikaupiga bila kuangalia, ukavuka ukuta na kuangukia kwa mama muuza mihogo, chatini yote chini. Mama akauchukua mpira, akaukalia. Hautoki mpaka alipwe, na mpira mwingine hakuna. Akaitwa mjumbe, refa naye akaenda kubembeleza, mchango ukapitishwa kwa mashabiki, mama akahesabu sarafu mojamoja. Sisi muda wote huo tumejinyoosha kivulini tunakunywa maji. Mchezo uliporejea tukapata kona, beki wetu wa kushoto akaruka, kichwa, bao. Moja bila. Mbuzi wetu.

Mechi ile huwa naihadithia vijana kama ushindi wa mabeki. Lakini kadiri ninavyoiandika, yule mama anazidi kuwa mkubwa. Alichofanya ndicho tulichokikosa kwa straika: kuukalia mpira ili wenzake wapumue. Mabao ni nusu tu ya kazi ya mshambuliaji.

Mtanitajia Ugiriki, mabingwa wa Ulaya wa 2004. Sawa, walizitoa Ufaransa na Jamhuri ya Czech, kisha wakaichapa Ureno fainali, zote moja bila. Ila yale mabao matatu yalikuwa ya vichwa, mawili yakitokana na kona. Walikuwa na njia yao ya kufunga, ndogo lakini ya uhakika. Timu inayokaba bila njia hata moja ya kufunga inasubiri kufungwa tu.

Na Coastal yenyewe? Agosti 2024, Kombe la Shirikisho Afrika, ikapigwa 3-0 Angola na Bravos do Maquis. Marudiano Dar ikatoka suluhu. Mabeki hawakuruhusu bao, na timu ikaaga mashindano.

Basi niandikieni "hapana", japo nilianza na "ndiyo". Kwa mechi moja, ndiyo, hasa ya mtoano uwanja mmoja. Kwa ligi, unaweza kufika nafasi ya nne, na Tanga tutashukuru. Ubingwa kama ule wa Coastal wa 1988, sidhani, labda apatikane kiungo wa kukaa na mpira na mtu mmoja wa kupiga kona vizuri. Straika akiwa mbovu baada ya hapo, mimi nitamvumilia.

Msomaji, Ngamiani, Tanga