Helikopta za Rais wa Marekani: Maswali Yenu

Mmeuliza mengi kuhusu helikopta zinazombeba Rais wa Marekani, ambazo taifa hilo lilianza kuhangaika kuzibadilisha mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nchi tajiri vile inawezaje kumrusha rais wake kwa helikopta ya miaka ya sabini? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu ni nzima. Helikopta aina ya VH-3D zilianza kazi hiyo 1978, za aina ya VH-60N mwishoni mwa miaka ya themanini, na HMX-1, kikosi cha wanajeshi wa Marines kinachozirusha, huko Quantico, Virginia, kinazitunza kwa ukali. Shida ni uzito. Miaka yote zimeongezewa redio na kinga dhidi ya makombora, na bodi ni ileile. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndipo Ikulu ilipotaka mpya haraka.

Mpango wa kwanza ulikufaje? (Msomaji, Nakuru)

Ulikufa kwa tamaa. Januari 2005 kampuni ya Lockheed Martin ilishinda zabuni ya helikopta mpya, VH-71, iliyotokana na helikopta ya Ulaya, AW101. Matakwa yakarundikana: mawasiliano ya siri, kinga zaidi, umbali mrefu zaidi. Awamu ya pili ikadai injini mpya, gia mpya na mapanga mapya yanayozunguka juu, yaani helikopta nyingine kabisa yenye jina lilelile. Gharama ya helikopta 28 ikapanda kutoka dola bilioni 6.1 hadi zaidi ya bilioni 11. Februari 2009 Obama alisema hadharani kwamba aliyo nayo inamtosha, na mwaka huohuo mpango ukafutwa. Zaidi ya dola bilioni 3 zilikuwa zimeshatumika. Mwaka 2011 tisa zilizokwisha kuundwa ziliuzwa Kanada kwa milioni 164, zikawe vipuri.

Inaniuma kila nikiipitia hesabu hiyo. Mafundi siwalaumu. Nawalaumu waliobadilisha oda huku kazi ikiendelea, kwa fedha za walipa kodi.

Mara ya pili walifanya nini tofauti? (Msomaji, Zanzibar)

Walinunua kitu kilichokwisha kuthibitika. Mwaka 2014 kampuni ya Sikorsky ilipewa kazi kwa kutumia helikopta yake ya kiraia, S-92, ambayo tayari ilikuwa ikipeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini. Injini na bodi hazikuguswa sana. Kazi kubwa ilikuwa kufunga mitambo ya mawasiliano. Zikatoka 23, ya mwisho ikikabidhiwa Agosti 2024. Mwezi huohuo ikambeba Biden kwa mara ya kwanza, huko Chicago. Kasoro iliyobaki wazi ilikuwa moshi wa injini, ambao kwenye majaribio ya 2018 uliunguza nyasi za bustani ya Ikulu.

Mbona huruka kadhaa pamoja? (Msomaji, Muscat)

Adui asijue rais yumo katika ipi. Hubadilishana nafasi angani.

Kwa hiyo uzee wa helikopta ndio unaoua viongozi? (Msomaji, Kampala)

Si peke yake. John Garang, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, alikufa Julai 30, 2005, ndani ya helikopta ya Rais wa Uganda, Mi-172, ikielekea Sudan Kusini: milima, hali mbaya ya hewa, giza likiingia. Rais Raisi wa Iran alikufa Mei 19, 2024, ndani ya Bell 212, muundo wa zamani katika nchi ambayo vikwazo vinaifanya ihangaike na vipuri. Hata hivyo uchunguzi wa Iran yenyewe ulitaja ukungu mzito milimani kuwa chanzo kikuu. Nunueni mpya, sawa. Lakini mpeni rubani haki ya kumwambia mheshimiwa kwamba leo haturuki, na asifukuzwe kazi kwa hilo.