Miwani ya kuonea usiku: rubani anaona nini, na haoni nini

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, mwaka wa pili. Nimetazama video za marubani wa helikopta wanaoruka usiku wakiwa wamevaa miwani inayofanya kila kitu kionekane kijani. Wenzangu wanasema ukiivaa ile, usiku unageuka mchana. Sasa kama ni hivyo, mbona ajali za usiku bado zinawapata hata walioivaa? Inafanyaje kazi? Na je, mtu anayevaa miwani ya macho kama mimi ataweza kuitumia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi aniulize kabla hajaishika miwani yenyewe. Wenzako wamekosea, na kosa hilo hilo limewagharimu maisha marubani waliokuwa hodari kwa kila hali.

Tuanze na kazi yake. Usiku haukosi mwanga kabisa. Kuna mwezi, kuna nyota, kuna taa za mji zinazogonga mawingu na kurudi chini. Kuna pia mionzi ya infraredi iliyo jirani na rangi nyekundu, ambayo macho yetu hayaipokei lakini iko tele angani hata mwezi usipotoka. Lenzi ya mbele huyakusanya yote hayo na kuyaelekeza kwenye utando mwembamba uliotengenezwa kwa galiamu na aseniki. Mwanga ukigonga utando huo, elektroni huchomoka. Elektroni hizo huvutwa na umeme wa volti nyingi hadi kwenye kisahani cha kioo, cha duara, kilichotobolewa mamilioni ya vitundu vyembamba kuliko unywele. Vitundu vimelala mshazari kidogo, kwa hiyo elektroni haipiti bila kugonga ukuta. Ikigonga inafumua nyingine, nazo zinagonga na kufumua nyingine. Iliingia moja, zinatoka maelfu. Mwisho zinapiga kioo cha fosfori, kinawaka, na wewe unakitazama kioo hicho kupitia lenzi ya nyuma. Haya yote yanaendeshwa na betri ndogo tu, kama za tochi.

Kwa hiyo mbele ya kila jicho una televisheni ndogo. Naomba ulishike hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Unachokiona ni picha ya nje, na picha hiyo ina tabia zake. Haina rangi zaidi ya ile moja, kijani kwa miwani mingi, nyeupe kwa mingine mipya. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi, kwa hiyo shamba la mahindi linang'aa kana kwamba limemwagiwa maziwa, ilhali ziwa lililotulia jirani yake ni shimo jeusi. Mwanga ukipungua sana, wingu zito na mwezi hakuna, picha inaanza kutoa chenga, zile zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Na gizani kabisa, mahali ambapo hakuna chochote cha kukuzwa, huoni kitu. Watu huichanganya miwani hii na kamera ya joto, inayosoma joto la miili. Ni vifaa viwili tofauti.

Upana wa picha ndio unaowashtua wengi siku ya kwanza. Nyoosha mkono wako mbele, ukunje ngumi. Ngumi hiyo imeziba takriban nyuzi 10. Panga ngumi nne sambamba: nyuzi 40, ndio upana wa duara lote unaloona ukiwa na miwani. Macho yako matupu mchana huchukua karibu nyuzi 200. Pembeni, kule ambako jicho linahisi mwendo bila wewe kujua, pamekatwa. Ndiyo maana utamwona rubani wa usiku anageuza shingo muda wote, kushoto, kulia, chini, tena kushoto. Ukikaza macho mbele tu, umebaki na bomba.

Kuhusu makali ya kuona, rubani mwenye 6/6 mchana (yaani macho ya kawaida) hupata kama 6/9 (kwa mita 6 anaona kile ambacho macho ya kawaida hukiona kwa mita 9) kwa miwani nzuri iliyorekebishwa vizuri, tena usiku wenye mwezi wa kutosha. Kwa macho matupu usiku angekuwa na 6/60 au pungufu, kwa hiyo faida ni kubwa mno na mimi siwezi kuibeza. Lakini mwanga ukishuka, makali nayo yanashuka, na hakuna kengele inayolia kukuambia. Unaendelea kuona, ila unaona vibaya, na ubongo unajaziliza.

Hapo ndipo penye hatari. Usiku mmoja wa giza nilikuwa na mwanafunzi juu ya uwanja wa nyasi fupi, tumesimama hewani futi kama 10. Nyasi zote sare, hakuna kichaka, hakuna jiwe. Akaniambia kwa uhakika kabisa, "Tumetulia, Kapteni." Nikashika usukani, nikamwambia ainue miwani, nikawasha taa ya kutua. Ukingo wa uwanja, ambao tuliuacha mbali nyuma yetu, ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mkia. Tulikuwa tumeteleza nyuma muda wote huo. Kijana hakuwa mzembe. Macho hupima umbali na mwendo mdogo kwa vivuli na punje punje za ardhi, na picha ya miwani ilikuwa imezifuta. Ndiyo maana kwenye helikopta ya usiku mtu wa nyuma, anayetoa kichwa mlangoni na kusema "mkia uko salama, unateleza kushoto, simama", si abiria. Yeye ni nusu ya macho ya rubani.

Mfano mkubwa zaidi uko kwenye historia. Aprili 24, 1980, Marekani ilirusha helikopta 8 aina ya RH-53D kutoka manowari ya Nimitz kwenda kuwakomboa mateka wao Tehran. Marubani walikuwa na miwani ya kizazi cha awali, iliyoundwa kwa ajili ya askari wa ardhini, inayoziba uso karibu wote. Njiani jangwani Irani walikutana na mawingu ya vumbi laini lililoning'inia angani. Miwani haikuzi kitu ambacho vumbi limekizuia. Helikopta mbili hazikufika kwenye kituo cha jangwani cha kujazia mafuta, ya tatu ikafika ikiwa mbovu, na kwa kuwa 5 zilizobaki hazikutosha, wakubwa wakaamua kusitisha. Wakati wa kuondoka, helikopta moja ilipaswa kuinuka na kusogea kando ya ndege ya mafuta ya EC-130. Mapangapanga yakatifua vumbi. Inavyosimuliwa, rubani alibaki na alama moja tu ya kushikilia macho, mtu aliyekuwa chini akimwongoza kwa ishara. Mtu yule akarudi nyuma kukwepa vumbi, rubani akadhani ni yeye anayeteleza nyuma, akasukuma mbele. Akaigonga ndege. Watu 8 walikufa.

Ukilinganisha na mwanafunzi wangu utaona ni kosa la aina moja: mmoja aliteleza akaamini ametulia, mwingine akaamini anateleza. Miwani ya siku hizi ya marubani ni bora mno. Inakaa mbele ya jicho kwa nafasi, hivyo unasoma vyombo kwa kuchungulia chini yake, na ikipata mshtuko mkubwa inachomoka yenyewe kwenye kofia. Lakini vumbi ni lile lile.

Ukungu una hila yake. Miwani hupenya ukungu mwembamba kiasi, ambapo ungedhani ni heri. Balaa lake ni kwamba unaingia kwenye hali mbaya ya hewa bila kujua, maana bado unaona taa za mbele. Dalili ni mbili: duara la mng'ao kuzunguka taa linapanuka, na chenga zinaongezeka. Nikiziona hizo nainua miwani na kutazama kwa macho matupu. Nisipoona kitu, nageuza ndege wakati huo huo, sisubiri kujadiliana.

Nyaya za umeme usitegemee kuziona. Tafuta nguzo, na uamini kwamba kati ya nguzo mbili kuna waya hata kama picha inaonyesha anga safi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: miwani ya marubani ina kichujio kinachozuia mwanga wa bluu, kijani na sehemu ya nyekundu, ili taa za chumba cha rubani zisiipofushe. Taa nyekundu za minara zilizokuwa za balbu za zamani zilitoa infraredi nyingi, zikaonekana kama moto. Baadhi ya taa mpya za LED hutoa nyekundu finyu sana, na kichujio kinaimeza. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa tahadhari mwaka 2009 kwamba mnara unaweza kuwaka mbele ya macho matupu na usionekane kabisa ndani ya miwani. Kwa hiyo chungulia nje ya miwani pia, kila mara.

Kwa upande mwingine, taa moja tu isiyofaa ndani ya ndege, simu ya mtu wa nyuma kwa mfano, hufanya mtambo ujipunguze nguvu wenyewe, na nje pote panafifia. Simu zinazimwa. Hapo sina mjadala na mtu.

Uzito ni karibu nusu kilo mbele ya paji la uso, na nyuma ya kofia tunaweka uzito wa kusawazisha. Shingo itauma, zoea kuinyoosha kabla na baada.

Sasa macho yako. Kati ya lenzi ya nyuma na jicho kuna nafasi ya kama milimita 25, kwa hiyo miwani yako ya macho inaingia bila shida. Lenzi ya nyuma yenyewe inaweza kuzungushwa kumrekebishia asiyeona mbali au asiyeona karibu, kwa kawaida kutoka +2 hadi -6 (diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi), ila haiwezi kurekebisha astigmatizimu, yaani kasoro ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote. Kama daktari amekuandikia hiyo, vaa miwani yako chini ya ile nyingine, na urekebishe ile ya usiku kwa kifaa cha kupimia kwenye chumba cha giza kabla hujaenda kwenye ndege. Jicho moja moja, bila haraka. Dakika chache zinatosha, na siku ya kwanza njoo mapema ili nikuonyeshe mwenyewe.