Anti, huyu binti arudi kwaya hivi hivi tu?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wewe ni mwalimu wa kwaya, kuna binti alizaa kabla ya ndoa akatengwa na kanisa, sasa amerudi kundini na anaomba arudi kuimba, wewe unaona ni mapema mno, "wengine watazoea". Halafu chini kabisa, mstari mmoja tu, umeandika kwamba na wewe mwaka 2016 ulitengwa miezi sita kwa sababu ya mume wa mtu.

Huo mstari mmoja ndo barua yenyewe mwanangu.

Sikulaumu, maana najua ile siku ya kurudi ilivyo, unasimama mbele kanisa zima linakutazama, leso imelowa mkononi, mchungaji anakushika mkono anakukaribisha, na yule mama uliyedhani atakusonya ndo anakuja wa kwanza kukukumbatia. Siku ile ulilipa nini? Ulipewa bure. Sasa miaka imepita, cheo kimekuja, na pole pole mtu unaanza kuona kama ile nafasi ni haki yako, yaani inaingia kimya kimya hata hujui.

Soma Luka 7. Simoni Mfarisayo kamwalika Yesu chakula ila hata maji ya miguu hakumpa, akaja yule mwanamke mwenye dhambi akalia mpaka machozi yakalowesha miguu ya Yesu, akaifuta kwa nywele zake, Simoni huku anamhukumu moyoni. Ndo Yesu akamweleza habari ya wadeni wawili, mmoja dinari 500 mwingine 50, wote wakasamehewa. Mi huwa naguswa na yule wa 50, manake hata yeye hakuwa na cha kulipa! Na wewe, tuambiane ukweli, hukuwa wa 50.

Utaratibu wa kwaya ni wa mchungaji na wazee, sikatai, ila usiingie kwenye kikao kumfungia mlango uliofunguliwa wewe. Na sikwambii ujidharau wala utangaze dhambi yako kila wiki, hiyo ilishafutwa, mshukuru Mungu. Jumapili hii kabla ya ibada mfuate kwenye benchi la nyuma, mwambie na wewe ulishakaa hapo. Kama hana la kusema msiongee, mpokee mtoto tu apumzishe mikono.