Ukisimulia maisha yako, umemwacha nani nje?

Kuna namna mbili za kusimulia maisha ninazozisikia kila mahali, kwenye daladala, msibani, hata kwenye mahojiano ya redio. Ya kwanza ni ya aliyeonewa: nilinyimwa, nikafukuzwa, nikaachwa. Ya pili ni ya shujaa: nilitoka kijijini mikono mitupu, nikapambana, leo mnaniona. Ukizisikiliza vizuri, zote mbili hazina watu. Wa kwanza amezungukwa na maadui, wa pili amezungukwa na watazamaji, na wote wawili, kwa uzoefu wangu, ni wapweke kuliko wanavyoonekana.

Nimelelewa kati ya simulizi mbili za tukio moja, kwa hiyo nina la kusema hapa. Baba alikuwa karani wa mizigo kwenye shirika la reli la Jumuiya ya Afrika Mashariki, Nairobi. Yeye na mama walikaa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huohuo, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Baba akisimulia, habari inakomea pale: Jumuiya ilikufa, tukarudi Moshi na masanduku mawili, basi. Ungedhani hakuna kilichotokea tena duniani. Sisi watoto, ambao tumezaliwa wote baada ya hapo, hatumo.

Mama akisimulia mwaka uleule, nyumba inajaa watu. Yumo dereva wa lori aliyewafikisha Namanga na kukataa nauli. Yumo shangazi aliyewaachia chumba chake na kwenda kulala na watoto. Yumo jirani wa Muthurwa, mama wa Kiluo, aliyebaki na cherehani iliyokosa nafasi kwenye lori, akaitunza miaka yote ya mpaka kufungwa, kisha akatafuta mtu wa kuileta. Cherehani hiyo ndiyo iliyolipa ada zetu. Shida walizopata ni zilezile, wala mama hazipunguzi. Njaa anaitaja, na aibu ya kula kwa wifi anaitaja pia. Lakini akimaliza unajua kwa nini aliendelea kuamka asubuhi.

Wapo waliolichunguza jambo hili kitaalamu. Marshall Duke na Robyn Fivush, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliandaa maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao: unajua wazazi wako walikutana wapi, unajua balaa gani liliwahi kuipata familia yenu. Waliojua mengi walielekea kujithamini zaidi na kuona kwamba maisha yao hayaendeshwi na bahati tu. Wenyewe wanaonya kwamba kukariri majibu hakusaidii kitu. Kinachofanya kazi ni kule kukaa pamoja mara kwa mara, mezani au safarini, mpaka habari hizo zikaingia zenyewe.

Kuna pia Dan McAdams, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Northwestern, hukohuko Marekani, aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakisimulia maisha yao. Aliona kwamba wanaojali sana kizazi kinachokuja hupenda simulizi ambamo baya linazaa jema. Sawa, ila hapa ninatahadhari. Mwenyewe ameeleza kwamba mtindo huo una ladha ya Kimarekani, na sisi tumeupokea mzimamzima kupitia wahamasishaji wa mitandaoni, hadi mtu aliyefiwa na mtoto anaulizwa amejifunza nini. Kuna msiba usiozaa chochote. Usimlazimishe mtu auvalishe nguo ya sherehe. Muulize nani alikuja kukaa naye.

Ukitaka kujaribu kwa upande wako, chukua daftari uandike tukio moja lililokubadilisha, dakika 15 au 20, bila kujali tahajia, na urudie siku tatu au nne mfululizo. Njia hii imetokana na mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliyeanza kuipima kwa wanafunzi wa chuo miaka ya 1980. Yeye na mwenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo yanayonivutia kuliko yote: walionufaika zaidi kiafya ni wale ambao siku moja waliandika sana juu ya nafsi zao, siku nyingine juu ya wengine. Kwa hiyo siku ya pili soma ulichoandika jana. Kama kila sentensi inaanza na “nili”, andika tukio lilelile kutoka upande wa aliyekuwa pembeni yako. Kama ni jambo linalokufanya usilale au utetemeke, liache daftari, utafute mshauri nasaha au daktari.

Kwa wazee njia ni tofauti. Ukimwambia mzee “nisimulie historia yako” atakupa hotuba. Mpe shikamoo yake, kaa naye mkichambua mchele au mkimenya ndizi, halafu uliza vitu vidogo: nani alikupokea ulipofika mjini, nani alikukopesha, ulikuwa unakula kwa nani. Akisema amesahau, muulize nyumba aliyopanga ilikuwaje, mlango ulitazama wapi, choo kilikuwa upande gani. Mara nyingi akishaiona nyumba, na wapangaji wenzake wanarudi. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, na akisema “hilo tuliache” liache kweli.

Wala usiogope simulizi zikipingana. Baba na mama bado wanabishana kama masanduku yalikuwa mawili au matatu. Kilichombadilisha baba kidogo ni vikao vya wazee wenzake waliokuwa wakifuatilia mafao yao ya Jumuiya. Alienda kwa ajili ya pesa, akawa anarudi na majina: fulani wa karakana, fulani aliyekuwa anawaandikia barua wasiojua kusoma. Majina ambayo sikuwahi kuyasikia utoto wangu wote. Siku hizi simulizi yake inavuka 1977, japo mama anasema ameanza kutia chumvi.